Kilo Tatu za Kwaya: Hotuba kwa Wanakwaya na Familia Zao Kabla ya Safari ya Ulaya

Mheshimiwa Mchungaji, Bwana Mwenyekiti wa kwaya, mwalimu wetu wa nyimbo, wazee wa kanisa, wazazi mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuketi nasi, na ninyi wanakwaya wenyewe: Bwana asifiwe.

Kamati ya safari imeniomba nizungumze juu ya mizigo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kusindikiza makundi ya wasafiri kutoka hapa Nairobi, na nimeona makundi yaliyojiandaa vizuri kwa viza, bima na nauli yakikwama mbele ya kaunta kwa sababu ya mabegi. Mtu anayesafiri peke yake akikosea kufunga begi, hasara ni yake. Ninyi mkisafiri 30, begi la mmoja likizuiliwa huwachelewesha wengine 29, na basi la wenyeji linalowasubiri nje ya uwanja wa Frankfurt haliwezi kuondoka bila yeye.

Kwa hiyo ninayo rai moja tu, na mengine yote nitakayosema yanatokana nayo. Uzito wa mizigo tugawane, kwa sababu ngoma na majoho ni ya kwaya nzima. Lakini kila begi liwe na mwenyewe mmoja, na huyo mwenyewe ajue kila kilichomo ndani yake, hadi kifurushi cha mwisho kilicho chini kabisa.

Tuanze na uzito. Tiketi zetu zinampa kila mmoja wetu begi moja la kilo 23 la kupakiwa chini ya ndege, na begi dogo la mkononi lisilozidi kilo 7. Kwa hesabu ya karatasi kwaya ina kilo 690 za kupakia, na ukisikia hivyo unaweza kudhani nafasi ni tele. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu begi lenyewe nalo hupimwa. Sanduku kubwa la plastiki ngumu lenye magurudumu manne huweza kuwa na kilo nne au tano likiwa tupu. Nawasihi ambao hamjanunua msikimbilie lililo kubwa kuliko yote dukani. Begi la kitambaa kigumu la ukubwa wa kati ni jepesi zaidi, na tena lina faida ya kumzuia mwenye nalo: likishajaa nguo haliongezeki, wakati sanduku kubwa humshawishi mtu kuongeza hiki na kile mpaka mizani isome 27.

Katika hizo kilo 23, kamati inawaomba kilo tatu. Tumeziita kilo tatu za kwaya. Kilo tatu mara 30 ni kilo 90, na ndani ya hizo 90 zitaingia ngoma mbili, makayamba, nyatiti, majoho ya akiba, nakala za nyimbo na zawadi za wenyeji wetu. Zikitolewa hizo, na uzito wa begi ukitolewa, mwanakwaya anabaki na takriban kilo 16 za vitu vyake mwenyewe. Ninaona baadhi ya akina mama wanatikisa kichwa. Mama zangu, kilo 16 zinatosha kwa wiki mbili, mradi koti zito na viatu vizito mvivae mwilini siku ya safari badala ya kuvifungia ndani ya begi. Wenyeji wametuahidi nafasi ya kufulia katikati ya safari, basi nguo za juma moja zinatosha. Kuhusu hilo koti, hakuna haja ya kulinunua ghali katikati ya jiji. Gikomba na Toi kuna makoti ya mitumba ambayo yalishonwa kwa ajili ya baridi ile ile tunayoiendea. Nendeni mapema wiki hii, mchague lililo jepesi na lenye bitana nzuri, na mhakikishe zipu yake inafunga hadi shingoni.

Kuna anayeniuliza kwa nini tusijumlishe tu uzito wote, aliye na kilo 15 amfidie aliye na 31. Mashirika mengine ya ndege huruhusu kundi lililokata tiketi pamoja lifanye hivyo, mengine hayaruhusu kabisa, na hata palipo na ruhusa, begi moja likizidi kilo 32 halipokelewi kama mzigo wa kawaida hata kama kundi zima lina nafasi. Kikomo hicho cha kilo 32 kimewekwa kwa ajili ya vijana wanaoyanyanyua mabegi hayo kwa mikono yao, wakiwa wameinama ndani ya tumbo la ndege, moja baada ya jingine zamu nzima. Migongo yao ni ya kuhurumiwa. Kwa hiyo tusitegemee kufidiana kwenye kaunta. Kila begi lifike likiwa na kilo 23 au chini yake.

Waliowahi kuruka kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Wilson kwenda Maasai Mara wanajua kwamba kule masharti ni makali zaidi: kilo 15 kwa kila abiria, pamoja na begi la mkononi, na begi lenyewe liwe laini ili lijipinde ndani ya ndege ndogo. Ndege yetu ni kubwa, lakini nidhamu hiyo ya Wilson ingetufaa.

Sasa tuje kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, yaani mgawanyo wa vitu vya pamoja. Makundi mengi hufanya hivi: majoho yote yanakunjwa na kufungwa ndani ya masanduku mawili makubwa, katibu anakabidhiwa, na kila mtu anaridhika kwamba mambo yamepangika. Huo si mpango mzuri. Takwimu za kampuni ya SITA, ambayo hutengeneza mifumo ya kufuatilia mizigo katika viwanja vya ndege, zilionyesha kwamba mwaka 2023 mabegi 6.9 kwa kila abiria 1,000 duniani yalichelewa, kuharibika au kupotea, na karibu nusu ya yaliyochelewa yalikwama mahali abiria alipobadilisha ndege. Sisi tunabadilisha ndege. Begi likiachwa nyuma kwa kawaida hufika kesho yake au keshokutwa, na kwa mtalii hilo ni usumbufu tu. Lakini sisi tunaimba jioni ya siku ya pili. Masanduku mawili ya majoho yakilala njiani, kwaya nzima itasimama mbele ya watu ikiwa na masweta.

Kwa hiyo joho la kila mtu litasafiri kwenye begi lake la mkononi. Joho letu la kitenge ni jepesi. Lilazeni kifudifudi juu ya meza, mikono muikunje kuelekea mgongoni, kisha mlikunje kuanzia pindoni kuelekea shingoni mkiwa mmeweka fulana laini katikati, maana kitenge kilichokunjwa juu ya kitu laini hakiweki mstari mkali wa kukunja. Likifika, litundikwe bafuni wakati wa kuoga na mvuke utalinyoosha. Pamoja na joho, begi la mkononi libebe nakala yako ya nyimbo, nguo za ndani za kubadilisha, dawa zako, hati zako na chaja. Ukipata hivyo sita, unaweza kuimba jioni ya pili hata kama begi lako kubwa bado liko kwenye mji mwingine. Majoho ya akiba yatagawanywa kwenye mabegi tofauti ya chini, na nakala za akiba za nyimbo vivyo hivyo, asiwepo mtu mmoja aliyebeba seti yote. Mwalimu ameshakubali kwamba nyimbo zote ziwekwe pia kwenye simu za viongozi wa sauti nne.

Vyombo vya muziki vina mambo yake. Ngoma hazina namna ila kwenda chini, na ngoma iliyo tupu ndani ni nafasi inayopotea. Zijazwe vitenge vya zawadi, halafu zizungushiwe blanketi na kamba. Nyatiti ilegezwe nyuzi zake nane kabla ya kufungwa, kwa sababu mti na ngozi hujikunja na kujikunjua hewa inapobadilika kutoka Nairobi hadi kwenye baridi kavu ya kule, na uzi uliokazwa huvuta daraja na kupasua ngozi. Mpiga nyatiti wetu anayajua haya kuliko mimi, na ombi langu kwake ni moja tu, kwamba awe na nyuzi za akiba mfukoni.

Lakini kuna onyo moja juu ya mavazi ya ngoma za asili ambalo ni lazima nilitoe hadharani. Baadhi ya wachezaji wetu wana kofia na mapambo ya ngozi ya mbega, mengine ya urithi kutoka kwa babu zao. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki au kusafirisha nyara ya mnyamapori bila kibali ni kosa hapa hapa Kenya, na huko tuendako mnyama huyo amehifadhiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Heshima ya urithi haimsaidii mtu mbele ya afisa wa forodha. Mapambo hayo yabaki nyumbani. Tumewaomba mafundi watutengenezee mengine ya manyoya bandia, na kutoka jukwaani hakuna atakayeona tofauti.

Zawadi za chakula ni eneo ambalo mapenzi hutangulia mbele ya kanuni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema, na hakuna Mkenya anayependa kufika kwa watu mikono mitupu. Hebu basi tujue kinachoruhusiwa. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka nchi kama yetu kuingia na nyama wala maziwa au vitu vilivyotengenezwa kwa maziwa. Kwa hiyo hakuna nyama ya kukausha, hakuna mursik, hakuna samli ya nyumbani, hata kiasi cha kuonja. Samaki wana ruhusa yao, hadi kilo 20 kwa mtu, hivyo omena waliokauka vizuri na kufungwa vizuri wanaweza kwenda. Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili, lakini iwe kwenye begi la chini. Kuhusu matunda, wengi hushangaa: embe na parachichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu hutolewa na KEPHIS, lakini ndizi, nanasi, nazi na tende vinaingia bila cheti. Majani ya chai na kahawa ya kukaangwa havina matatizo, ni vyepesi, havivunjiki, na vinajulikana duniani kote kuwa vya Kenya. Kamati inapendekeza zawadi zetu ziwe chai, kahawa, vitenge na vikapu vya kiondo. Kiondo nacho kiwekwe tu vitu vingine ndani yake.

Wazazi na ndugu wa wanakwaya, sehemu hii inayofuata ninawaelekezea ninyi hasa.

Tangu jina la Ujerumani lilipotajwa kanisani, simu zimeanza kuita. Shangazi ana binti Stuttgart ambaye hajaonja unga wa wimbi wa nyumbani kwa miaka. Jirani ana kijana Hamburg anayehitaji hati zake. Mtu fulani, rafiki ya rafiki, ana kifurushi kidogo tu, kitapokelewa pale pale uwanjani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli anayekukabidhi kifurushi hausikii uzito wake. Kwenye kaunta mhudumu atakuuliza kama ulifunga begi lako mwenyewe na kama kuna mtu aliyekupa kitu umbebee. Hayo si maswali ya adabu. Jibu lako ni ushahidi, na lebo itakayobandikwa kwenye begi itakuwa na jina lako.

Machi 2025 mahakama ya Ho Chi Minh City, nchini Vietnam, ilimhukumu kifo dada yetu Mkenya aliyekamatwa Julai 2023 katika uwanja wa ndege wa jiji hilo, sanduku lake likiwa limefichwa zaidi ya kilo mbili za kokeini. Maelezo yake yalikuwa kwamba alitumwa kulipeleka sanduku hilo Laos na hakujua kilichokuwamo. Silitaji jambo hili kumhukumu. Ninalitaja kwa sababu neno "sikujua" ndilo tegemeo la mwisho la mtu aliyebeba cha mwenzake, na mmesikia lilimfikisha wapi.

Kanuni ya kamati ni hii. Hakuna mwanakwaya atakayebeba kifurushi cha mtu asiye wa familia yake ya karibu. Cha familia ya karibu kitaletwa hapa ukumbini kikiwa wazi, kitaonekana na watu wawili wa kamati, kisha mwenye begi mwenyewe atakifunga kwa mikono yake. Vitu vilivyoshonwa, kama mito, vilivyopigwa muhuri na mtu binafsi, kama makopo ya nyumbani, na viatu vya soli nene ambavyo havikununuliwa na anayevibeba, havitapokelewa hata vikitoka kwa mama mzazi. Miraa pia isije. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, na Ujerumani nayo haiiruhusu. Kijana wa Meru atakayekutana na mwenyeji wake kule na azungumze naye kwa simu mapema ili asimtarajie na kilo ya miraa aina ya giza.

Najua ni vigumu kumkatalia shangazi. Kwa hiyo mwambieni kamati imekataza. Lawama zote mtuachie sisi, tuko tayari kuzibeba, na mkihitaji mtu wa kumweleza shangazi kwa upole, nitampigia mimi mwenyewe.

Nitasema machache juu ya betri. Pawabanki haziendi kwenye begi la chini kamwe. Betri ya lithiamu ikipata joto kupita kiasi hujiwasha yenyewe, na ndani ya tumbo la ndege hakuna mtu wa kuuona moshi mapema. Januari 2025 ndege ya Korea Kusini iliungua ikiwa bado haijaruka katika uwanja wa Gimhae, abiria wote wakatoka hai, na wachunguzi walieleza kwamba huenda moto ulianzia kwenye pawabanki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Tangu hapo mashirika kadhaa yamekataza kuitumia pawabanki angani, hata kama yanaruhusu uibebe. Kikomo cha kawaida cha uwezo wa betri ni wati-saa 100. Ile inayouzwa sana Luthuli Avenue yenye maandishi 20,000 ina takriban wati-saa 74, kwa hiyo inapita. Lakini isiyo na maandishi yoyote yanayosomeka huweza kutwaliwa, maana afisa hana namna ya kujua uwezo wake. Iwekeni mfukoni mwa kiti au chini ya kiti kilicho mbele yenu, mahali mnapoiona.

Vimiminika kwenye begi la mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa, na chupa zote zienee kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita moja. Kanuni hii ilikuja baada ya polisi wa Uingereza kutibua njama ya kulipua ndege mwezi Agosti 2006. Viwanja vingine vya Ulaya vimeanza kuilegeza kwa sababu ya mashine mpya, lakini sisi tunakaguliwa zaidi ya mara moja njiani, basi tufuate iliyo kali zaidi. Mafuta ya kujipaka, jeli ya nywele na siagi ya njugu vyote huhesabiwa kuwa vimiminika. Kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa na si kiasi kilichobaki: chupa ya mililita 250 yenye mafuta kidogo chini itatupwa.

Wazee wetu wenye dawa za kila siku, tafadhali nisikilizeni kwa makini. Dawa zote ziende mkononi, kwenye vifurushi vyake vya duka la dawa, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la dawa na kipimo. Insulini ikiwekwa chini inaweza kuganda na kuharibika. Inaruhusiwa kupita ukaguzi hata ikizidi mililita 100, mradi uitaje kabla ya kuulizwa. Dawa za maumivu zenye kodini au tramadoli zina masharti makali katika nchi nyingi, zikiwemo baadhi ya zile za Ghuba ambako wasafiri wengi kutoka Nairobi hubadilisha ndege, kwa hiyo anayezitumia anione leo kabla hajaondoka. Tena beba dawa za siku kadhaa zaidi ya safari, na mwenzako wa chumbani ajue ziko mfuko gani.

Begi likipotea tufanye nini? Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unaweka kikomo cha fidia kwa kila abiria, na tangu 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni vizio 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha Duniani, yaani takriban dola 2,000 za Marekani. Angalieni kwamba ni kwa kila abiria, wala si kwa kila begi. Ndiyo sababu nyingine ya kutorundika mali yote ya kwaya kwenye jina la mtu mmoja. Kuna kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2012, ya familia ya watu wanne waliosafiri kutoka Barcelona kwenda Paris wakiwa wamefunga vitu vyao vyote katika masanduku mawili, yakapotea. Mahakama ilisema kwamba hata abiria ambaye vitu vyake vilikuwa ndani ya begi lililosajiliwa kwa jina la mwenzake ana haki ya kudai fidia yake mwenyewe, lakini ni lazima athibitishe kwamba vitu hivyo vilikuwamo. Uthibitisho huo hauwezi kutengenezwa baadaye. Kabla ya kufunga zipu, piga picha begi likiwa wazi, kisha piga picha ya nje yake. Vitu vya kwaya vitakavyoingia kwenye begi lako vitaandikwa kwenye daftari, nawe utatia sahihi.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda kwenye dawati la mizigo la shirika la ndege, andikisha ripoti, upewe namba yake. Begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, na lisipopatikana siku 21 zikipita una haki ya kulidai kuwa limepotea. Kile kipande cha lebo mnachobandikiwa nyuma ya pasi ya kupanda ndege msikitupe mpaka mfike nyumbani. Pale pale kaunta soma herufi tatu kubwa zilizo kwenye lebo ya begi: kwa safari yetu ziwe FRA. Ukiona herufi za mji tunaobadilisha ndege, simama hapo hapo useme. Lebo za safari za zamani nazo zibanduliwe zote, kwa kuwa mashine inaweza kusoma isiyo yake.

Akina mama wa kwaya wamejitolea kukata vitambaa vya kitenge kimoja, na kila begi litafungwa kitambaa hicho kwenye mpini. Kitambaa kitatuambia begi ni la kwaya. Hakitatuambia ni la nani, na mabegi meusi hufanana mno, kwa hiyo kila mmoja atashonewa namba yake juu ya kitambaa, kuanzia 1 hadi 30, na namba hiyo hiyo pamoja na jina na simu inayoanza na +254 iandikwe kwenye karatasi iwekwe ndani ya begi, juu kabisa ya nguo. Mizigo ikishushwa kwenye basi, ikipita mashine ya ukaguzi pale uwanja wa JKIA, na ikitoka kwenye mkanda kule Frankfurt, mtu mmoja tu atakuwa na orodha na ataita namba. Wengine wote tutajibu. Tusisaidiane kuhesabu, maana wanaohesabu wakiwa watano hupatikana hesabu tano.

Neno dogo kwa safari ya kurudi: mifuko ya plastiki ya kubebea ya madukani isiingie nayo Kenya, imepigwa marufuku hapa tangu 28 Agosti 2017. Nendeni na mfuko wa kitambaa uliokunjwa, hauna uzito wa kutajwa.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, tutakutana hapa hapa. Kila mmoja aje na begi lake likiwa limefungwa vitu vyake, kilo 20 pamoja na uzito wa begi lenyewe, na begi la mkononi likiwa na joho ndani. Tutakuwa na mizani mbili za kuning'inia, na vitu vya kwaya vitakuwa vimeshagawanywa katika mafungu 30 ya kilo tatu tatu juu ya meza zile za nyuma. Utapima, utafungua, utapokea fungu lako ukiwa umelitazama, utatia sahihi, utapiga picha, utapima tena. Atakayezidi tutakaa naye tuamue pamoja kinachobaki, kwa hiyo aje na ndugu wa kukirudisha nyumbani. Wenye dawa na wenye vifurushi vya familia waje saa tatu, kabla ya wengine. Asanteni sana kwa kunisikiliza.